Mkondo Haufi Papo Hapo

Juzi mlinicheka. Nilikuwa nimekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, mbele ya banda lenu la paneli za jua hapa Bweremana, nikawaona mnang'oa diodi ndogo iliyofungwa sambamba na bobini ya relei. Mmoja wenu akasema, "Hii haifanyake kazi yoyote. Tangu tuwashe, hakuna kuran, hakuna umeme inapita ndani yake." Nikasema iacheni. Mkaniuliza sababu. Nikajiondokea. Nyuma yangu nikasikia, "Mzee Safari akili imeisha betri."

Haijaisha. Nilishindwa kujibu kwa kuwa jibu langu ni refu na lina aibu. Ndani yake kuna mtu aliyepoteza macho yote mawili, na watoto mapacha waliobebeshwa lawama ya macho hayo wakiwa na siku tisa tu duniani. Lawama haikuwa yao. Ilikuwa yangu, mimi na kitu mnachokishika kila siku bila kukifikiria: bobini, waya uliozungushwa. Nimeona niandike, kwa maana nikisimulia kwa mdomo nitalia, na kulia mbele ya watu wenye bisibisi mkononi sitaki.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza, ni miguu yangu tu ilikuwa na akili yake. Nilitembea Masisi yote na Walikale yote nikitengeneza redio, mota za vinu, mashine za kuchomelea, chochote chenye waya. Kitu kilichofungwa kwa skrubu kilininyima usingizi mpaka nijue ndani kuna nini. Nikiwa mdogo nilifungua saa ya katekista wetu Jumapili asubuhi. Misa ilianza saa mbili. Ilikwisha saa ngapi, mpaka leo hakuna anayejua.

Katika kutembea huko nilifika kwenye bonde moja nyuma ya Bihambwe. Kulikuwa na kijito chenye nguvu, na kwenye kijito turbini ndogo iliyoachwa na watu wa zamani. Umeme wake uliwasha nyumba ya kutengenezea fromaji, yaani jibini, kanisa, na materinite ya kuzalishia yenye vitanda vinne. Mtunzaji wa mashine alikuwa Papa Bauma, mkulima wa maharage, mtu mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Mke wake, Mama Sifa, ndiye aliyezalisha wanawake wa vilima vile vyote. Nilipita pale nikiomba maji ya kunywa. Nikakaa karibu mwaka mzima, na kwangu mimi huo ulikuwa muda mrefu kuliko ndoa.

Papa Bauma hakuwa na cheti. Alichokuwa nacho ni masikio. Alishika fimbo kavu, ncha moja kwenye beringi, ncha nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. "Sikiliza. Hii inasaga muchanga. Utie grisi kesho, isiwe kesho kutwa." Alinifundisha kupima joto la mota kwa mgongo wa mkono na si kwa kiganja. Kiganja kikipigwa na umeme hukunja vidole na kukushikilia palepale. Mgongo wa mkono hukurusha nyuma ukabaki hai. Alinifundisha kunusa. Vanishi ya waya inayoanza kuungua inanuka kama samaki wa jana. Hayo yote yachukueni, hayajazeeka.

Sasa ukutani, kando ya swichi kubwa ya visu, palikuwa na kasha la chuma lenye matundu. Ndani yake mlikuwa na waya mnene wa rezistansi, wenye kuukaza umeme, uliosokotwa juu ya vigae vyeupe. Nililigusa asubuhi: baridi. Mchana: baridi. Nilichukua taa yangu ya kupimia, nikagusa huku na huku: hakuna kitu. Mashine yote ilikuwa ikifanya kazi, na lile kasha limelala ukutani kama mjomba aliyekuja kwenye harusi.

"Papa, hii kasha inafanyaka nini?"

"Iko muziro."

Muziro ni mwiko wa ukoo. Huku kwetu kila ukoo una wake, na mwiko hauulizwi.

"Muziro ya nani?"

"Ya mashini. Sisi kwetu hatukulake nyama ya kanga, na sijasikia muntu anauliza kanga alitufanya nini. Mwenye kunionyesha hii mashini aliniambia: Bauma, siku zote usitoe ile kasha. Nikamujibu ndiyo. Njo ivyo."

"Na hukumuuliza juu ya nini?"

"Safari, weye unauliza kama mutoza kodi. Leta grisi."

Nilileta grisi. Lakini moyoni nilikwisha kutoa hukumu: mzee hajui, na kasha ni vivu. Moja ya hukumu hizo ilikuwa kweli. Papa Bauma hakujua. Aliyemfundisha alimpa katazo bila sababu, naye akalihifadhi kwa uaminifu wote, kama mnavyohifadhi mbegu msiyojua itazaa nini. Katazo lisilo na sababu hudumu mpaka siku atakapotokea mtu mmoja mwenye bisibisi.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Papa Bauma alikwenda Buleusa kwenye kilio cha shemeji yake, safari ya siku nyingi kwa miguu. Nilibaki na mashine. Siku ya pili mwanamke mmoja wa kilima cha jirani alijifungua mapacha wa kike, mimba ikiwa na miezi saba. Kila mmoja angeenea kwenye bakuli la kupimia maharage. Waliitwa Neema na Rehema, na tangu siku hiyo mama yao akawa Mama Neema.

Mnaijua baridi ya Masisi. Ukungu huingia ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Mama Sifa aliwafunga watoto kifuani mwa mama yao, ngozi kwa ngozi, lakini mama mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa homa. Jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa lingewaua kwa hewa mbaya. Akaja mpaka nyumba ya mashine, kitambaa kichwani kimelegea.

"Safari, weye unayefunguaka kila kitu, unitafutie moto isiyo na moshi. Hawa batoto wanazimika mikononi mwangu."

Macho yangu yalikwenda ukutani.

Akaona nilikotazama. "Na muziro ya Papa?"

"Mama," nikamwambia, "chuma haina ukoo."

Nimesema maneno mengi maishani. Hayo matatu ndiyo ninayoyasikia nikiwa peke yangu.

Nilizima mashine, nikafungua kasha, nikatoa waya pamoja na vigae vyake, nikaviunga kimoja baada ya kingine ili visivute umeme mwingi, nikavipeleka materinite. Nikajenga jiko dogo la matofali, juu yake nikapanga mawe. Mawe ya mtoni msitumie kamwe. Yana maji ndani, yakipata moto hupasuka kama risasi. Nilichukua mawe ya shamba. Mama Sifa aliyafunga kwa kitenge, akayaweka pembeni mwa watoto, akawa anayabadilisha yanapopoa. Siku ya tatu midomo yao ilitoka rangi ya majivu. Siku ya tano Rehema alilia mpaka wanaume wa fromaji wakasikia, wakapiga makofi.

Kuhusu hilo sijutii, na msinifanye nijute. Moto ule uliwaokoa.

Jambo ninalolijutia ni dogo kwa macho. Nilitoa utumbo wa kasha, nikaiacha ngozi. Kifuniko chenye matundu nilikirudisha ukutani, skrubu nne, vizuri, ili Papa Bauma akirudi asione upesi. Nilitaka kwanza aonje furaha ya watoto, halafu nimweleze taratibu, tucheke.

Alirudi watoto wakiwa na siku tisa, mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha milimani, kijito kimejaa. Mwanzi ulikuwa umekwama kwenye mlango wa maji, ukawa haufungi, na turbini ikaanza kukimbia. Mimi nilikuwa juu, kwenye maji mpaka kiunoni, nikivuta mwanzi. Papa Bauma alipokuwa akishuka njia aliona taa ya fromaji inawaka nyeupe mchana, akajua mashine inakimbia. Alitupa mzigo wake, akaingia mbio kwenye nyumba ya mashine, akatazama ukutani. Akaona kasha lake liko mahali pake. Akashika mpini wa swichi, uso karibu, kama alivyofanya mara elfu, akavuta.

Kule juu nilisikia kitu kama ubao unaopasuliwa. Niliposhuka alikuwa amekaa chini, viganja vimefunika uso, shati lina matundu madogo yenye moshi, na visu vya shaba vya swichi vimeyeyuka kama mshumaa.

Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Safari, nani alizima jua?"

Tulimbeba kwa tipoyi, machela ya miti, mpaka hospitali, wanaume wanane wakipokezana. Macho hayakurudi.

Hapa niwape somo la kazi kwanza, kisha niendelee na aibu. Mimi mwenyewe somo hili nililipata Walikale, nikiwa nimechelewa.

Walikale nilikuwa nikifanya kazi kwenye banda la kuchomelea. Kulikuwa na fundi mmoja aliyetaka kujua kama bobini ya transfoma imekatika. Akachukua betri ya pikipiki, volti kumi na mbili tu, akashika nyaya kwa mikono mitupu, akagusa. Kimya. Alipoachia, akaruka akaangusha meza. "Hii betri bantu baliiroga!" Akagusa tena ili ahakikishe. Akaruka tena. Mara ya tatu aliniomba nigusishe mimi.

Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja aliyeuza samaki wa chumvi alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Mama Kahindo. Kabla ya watu kukimbia vita na shule yao kufungwa, alikuwa mwalimu wa fizikia.

"Betri iko mema," akasema. "Ni bobini njo ilikupiga. Tena haikukupiga wakati ulifunga. Ilikupiga wakati ulifungua. Mwenye akili atajiuliza juu ya nini."

Nilivuka barabara na kopo langu la kukalia. Alichora kwa mkaa juu ya ubao wa samaki.

"Ulishaona chukudu inashuka kutoka Masisi kwenda Sake, imepakia magunia sita ya viazi?"

Nimeiona. Nimeisukuma pia. Baiskeli ile ya mbao ikishashika kasi kwenye mteremko, mzigo haukusikilizi tena.

"Sasa unataka kuisimamisha. Unafanya nini?"

"Ninakanyaga kile kipande cha mpira kwenye gurudumu la nyuma."

"Inasimama papo hapo?"

"Hapana. Inapungua, inapungua, inasimama."

"Na kama huna ile mpira, unaisimamisha na ukuta?"

"Itavunja ukuta, Mama. Ao itanivunja miye."

"Njo ivyo," akasema Mama Kahindo. "Kuran katika bobini iko chukudu yenye mzigo. Haikubali kufa mara moja. Rezistansi njo mpira."

Sasa sikilizeni vizuri. Waya ulionyooka ukiukata, mkondo unakwisha palepale. Waya uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma umeweka akiba ya nguvu katika sumaku yake. Ukiuondolea chanzo, akiba hiyo inausukuma mkondo uendelee kwenda upande uleule, na lazima upate njia. Ukiupa njia kupitia rezistansi, nguvu inageuka joto, na mkondo unapungua kwa mpangilio wenye adabu ya ajabu: katika kila kipande cha muda kilicho sawa, unapoteza fungu lilelile la kilichobaki. Si kiasi kilekile, fungu lilelile.

Urefu wa kipande hicho ni henri za bobini ukizigawa kwa omu za njia nzima; henri hupima ukaidi wa bobini, omu hupima rezistansi. Nasema njia nzima, maana waya wa bobini wenyewe una rezistansi yake. Unaijumlisha na ile uliyoongeza. Tuseme bobini ina henri nne na waya wake una omu nne. Uongeze kasha la omu kumi na sita. Jumla ishirini. Nne kwa ishirini: sehemu ya tano ya sekunde. Kama mkondo ulikuwa amperi kumi na sita, baada ya kipande kimoja zinabaki karibu sita, theluthi moja na kidogo. Baada ya kingine, mbili na kidogo. Kisha haifiki moja. Baada ya vipande vitano, yaani sekunde moja, haijabaki hata sehemu moja ya mia. Kwa hesabu haifiki sifuri kamwe. Kwa kazi ya fundi imekufa, unaweza kugusa.

Ukiongeza omu, mkondo unakufa haraka zaidi. Mtasema basi tuongeze sana! Ngojeni. Mwanzoni kabisa mkondo bado ni uleule, amperi kumi na sita, hata kama umebadilisha njia. Kwenye kasha la omu kumi na sita, zidisheni: volti mia mbili hamsini na sita. Vanishi inavumilia. Mkiweka omu elfu mbili, ni volti elfu thelathini na mbili. Na mkiacha hewa tupu, bobini itapandisha volti mpaka hewa yenyewe ipasuke na kuwa njia. Hewa ikipasuka inakuwa moto, na moto ule unayeyusha shaba. Pikipiki zenu zinatumia ukaidi huohuo wa bobini kutoa cheche kwenye plagi. Mnaupanda kila siku.

Ile swichi ya Bihambwe ilikuwa na kisu cha tatu, kifupi. Ulipovuta mpini, kisu hicho kiligusa njia ya kasha kabla visu vikubwa havijaachia, na mkondo wa bobini za alternata, mashine yenyewe ya kutoa umeme, ukaenda kufia ndani ya kasha polepole. Ndiyo maana lilikuwa baridi siku zote. Kazi yake ilikuwa sekunde moja kila mashine inapozimwa. Mimi nililigusa likiwa linangoja, nikaliita vivu. Siku ile turbini ilikuwa ikikimbia, mkondo umepanda kupita kawaida, na kisu cha tatu kiligusa njia isiyokwenda popote.

Na siku niliyolifungua mimi mwenyewe? Mtaniuliza, najua. Niliacha maji yapungue na mashine isimame polepole kwanza, kisha nikavuta swichi. Mkondo ulikuwa umeshakufa wenyewe. Nilibahatika, nikadhani ni ujuzi.

Nilipomaliza kumwelewa Mama Kahindo nilivuta kopo langu karibu naye. Nikamwambia yote. Akafuta mchoro wa mkaa kwa kiganja.

"Na ulishawaambia kule?"

"Bado, Mama."

"Basi unangoja nini hapa na samaki yangu?"

Hapo lazima niwaambie kilichotokea Bihambwe baada ya ajali. Mapacha kwetu hawapokelewi kimyakimya. Kuna nyimbo zao, kuna ngoma yao, mama anatolewa nje na watu wanamchezea. Neema na Rehema hawakutolewa, walikuwa wadogo mno kwa baridi ile. Kwa hiyo Papa Bauma alipopofuka siku yao ya tisa, wenye ndimi kali walipata la kusema. Mapacha hawakuimbiwa, wamejilipa wenyewe. Wamekula macho ya mzee. Nililisikia likisemwa kisimani. Nililisikia mlangoni mwa kanisa. Ningeweza kufungua kifuniko cha kasha mbele yao, skrubu nne tu. Badala yake nilisema ninakwenda Walikale kutafuta shaba ya swichi.

Nilikaa miaka kumi na tisa.

Hata baada ya Mama Kahindo kunifukuza na samaki wake sikurudi. Nilidhani aibu inapungua kama mkondo: kila kipande cha muda inapoteza fungu lake, nawe ukitulia vya kutosha utaweza kuigusa. Nilikuwa nahesabu vipande.

Mwishoni nilirudi. Nilimkuta Papa Bauma uani, amekonda, ungo mapajani, anapukuchua maharage. Vidole vyake vilitupa mbovu pembeni bila kukosea hata moja. Mama Sifa alikuwa amekwisha kufa. Nilisimama mlangoni mwa ua.

"Mwenye kusimama hapo ananuka risasi ya kuchomelea," akasema. "Safari. Ulikawia na ile shaba."

Nilipiga magoti. Nikamweleza kasha, kisu cha tatu, chukudu, amperi. Nilisema haraka haraka kama mtoto anayekiri. Aliendelea kupukuchua.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, Papa?"

"Siku nilitoka hospitali, nilienda kwa ukuta. Nilifungua kifuniko na vidole. Nikatia mukono. Bule kabisa, hakuna kitu. Mama Sifa akanifuata, akalia, akanisimulia. Sababu yake njo sikujua, leo umeniletea, aksanti. Lakini ya kwamba ni weye, nilijua."

"Na uliacha bantu waseme ni batoto?"

Vidole vyake vikasimama.

"Kama ningesema ni weye, vijana wa hapa wangekufuata njiani. Kama ningesema ni Mama Sifa aliyekutuma, nani tena angemupa mimba yake aishike? Nikajisemea, batoto wa siku tisa hawasikiake. Maneno itapita juu yao sawa mvua juu ya jani ya ndizi." Akavuta pumzi. "Sikufikiri kama batoto wanakomaaka, Safari. Walikomaa. Walisikia."

Neema na Rehema wakifika kisimani, akina mama waliwafunika watoto wao macho. Hakuna aliyekubali kukaa nao benchi moja shuleni. Mchumba mmoja alikuja kumposa Rehema akitoka mbali. Ndugu zake waliposimuliwa, hawakurudi hata kuchukua mkeka wao.

Jumapili ile, baada ya misa, Papa Bauma alishika bega langu, tukasimama mbele ya watu. Nilileta bobini, betri, na balbu ndogo, nikawaonyesha: ukikata bila njia, cheche; ukiweka balbu kando ya bobini, hakuna cheche, balbu inawaka mara moja kisha inafifia. Papa Bauma akasema yaliyo yake, mimi nikasema yaliyo yangu. Mzee mmoja aliuliza kama balbu hiyo inauzwa. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine, niliwaona, hawakuamini. Neno la miaka kumi na tisa halitoki kwa balbu moja.

Mama Neema alikuwa amesimama nyuma, binti mmoja pembeni yake. Alikuja mpaka mbele, akanitazama, hakuitazama bobini.

"Ulikuwa wapi?"

Nikaanza kukunja nyaya.

"Miaka yote hii, Papa Safari. Nilikuwa ninapita na hawa batoto njia ya porini ili tusikutane na bantu. Weye ulikuwa wapi?"

"Walikale, Mama. Nilikuwa ninatengeneza redio."

Hakunipiga. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya kitu asichokihitaji. Kisha akasema, "Neema amekusikia, iko hapa. Rehema alishaenda. Mwaka jana. Alisema anaenda mahali bantu hawajui ya kwamba kulikuwa wawili. Huyo sasa, nani atamuambia?"

Wanasema alielekea Walikale, huko ndani ya msitu, anawapikia wachimbaji. Wengine wanasema amevuka mbele zaidi. Nilimtafuta misimu miwili. Magoti yangu sasa hayapandi tena, ndiyo maana mnaniona nimekaa hapa Bweremana juu ya kopo. Papa Bauma amezikwa.

Diodi mliyoing'oa irudisheni. Huko ndani ndiko mkondo wa bobini unakokwenda kufia salama. Lakini si kwa ajili ya diodi nimeandika kurasa zote hizi. Nyinyi mnapanda pikipiki na paneli mgongoni, mnafika Buleusa, mnafika mahali barabara inapokwisha, mnalala kwa watu, mnakula kwa akina mama wanaopika. Siku moja mmoja wenu atapewa sahani na mwanamke kijana aitwaye Rehema, mwenye kovu dogo la moto kwenye kiwiko cha kushoto, pale jiwe lilipomgusa kupitia kitenge. Hatapenda kuulizwa kwao ni wapi. Msimuulize. Msimweleze henri wala omu. Mwambieni tu kwamba macho ya Papa Bauma hakuyachukua yeye wala dada yake. Aliyeyachukua anaitwa Safari, yuko hai, yuko Bweremana kando ya ziwa, na kama anataka kuja kumtukana, aje.